Barua ya Bwana Banting juu ya Unene

Katika mwaka 1863, mjini London, mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kustaafu kazi alichapisha kwa gharama yake mwenyewe kijitabu chembamba, akakigawa bure, na ndani yake akaeleza, bila ya kujificha nyuma ya jina la kubuni wala kupamba maneno, jinsi alivyotaabika na unene wa mwili wake tangu alipokuwa akikaribia umri wa makamo, jinsi alivyotii kila shauri alilopewa na matabibu wa zama zake, na jinsi kila shauri lilivyomrudisha pale alipoanzia au likamzidishia uzito juu ya ule aliokuwa nao. Jina lake aliitwa William Banting. Kabla ya hapo vilikuwapo vitabu vya wataalamu juu ya unene, vilivyoandikwa na watu waliokuwa wakiutazama katika miili ya wengine. Hiki kiliandikwa na mwenye kuubeba, naye alikiandika kama mtu atoaye ushahidi mbele ya kadhi, kwa tarehe, kwa vipimo na kwa majina ya vyakula.

Banting alikuwa mtu wa heshima katika mji wake. Nyumba yao ya biashara, iliyokuwa katika mtaa wa St James's, ilirithiwa mwana kwa baba, na kazi yake ilikuwa kutengeneza samani na kusimamia maziko ya watu wakubwa. Nyumba hiyo ndiyo iliyosimamia maziko ya Mfalme George III mwaka 1820, na ya George IV mwaka 1830, na ya Duke wa Wellington mwaka 1852, na ya Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861. Mtu wa kazi kama hii hutazamwa na umati siku ambayo macho ya nchi nzima yameelekea jeneza moja. Hutakiwa asimame wima saa nyingi, apande ngazi za makanisa na kuzishuka, aende kwa mwendo wa kiasi, wala asihemewe. Ilhali Banting, mwezi wa Agosti mwaka 1862, alipokuwa na umri wa takriban miaka 66, alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 5 na uzito wa ratili 202, ambazo ni kilogramu 92 kasoro kidogo. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, ili kuyapunguzia magoti na vifundo vya miguu uzito wa mwili. Alikuwa na ngiri ya kitovu, na magoti yake aliyafunga bendeji, na juu ya yote hayo usikivu wake ulianza kupotea.

Alieleza kwamba katika wazazi wake wote wawili hapakuwa na mtu mnene, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kitako; kwa miaka mingi alikuwa mtu wa harakati, wa kazi na wa mpango. Unene ulipoanza kumjia kati ya umri wa miaka 30 na 40, alikwenda kwa rafiki yake aliyekuwa tabibu, na rafiki akampa nasaha ambayo mpaka leo ndiyo ya kwanza kutolewa kila mahali: auchoshe mwili. Banting alikaa karibu na mto, akajipatia mashua nzito na madhubuti, na kila alfajiri akawa anapiga makasia kwa muda wa saa mbili hivi. Misuli yake ikapata nguvu, hapana shaka. Lakini pamoja na nguvu ilikuja njaa kubwa ambayo hakuweza kuizuia, akala, na uzito ukapanda. Hatimaye rafiki yule yule aliyemwamuru kupiga makasia ndiye aliyemwamuru kuacha.

Naomba msomaji aitie jambo hili la mashua katika kumbukumbu yake, kwa kuwa litaturudia mbele, katika nchi iliyo mbali sana na mto Thames.

Baada ya mashua yalifuata mambo mengi. Alipanda farasi, alitembea, alikwenda katika miji ya Leamington, Cheltenham na Harrogate, ambako matajiri wa Uingereza walikuwa wakinywa maji ya chemchemi zenye madini kwa ajili ya tiba, alikunywa dawa za magadi kwa wingi, aliingia hamamu za Kituruki, na baada ya kuoga kiasi cha mara 50 akakuta kwamba amepoteza ratili 6 tu. Alijaribu pia kujinyima chakula, akaishi kwa kidogo mno kama mtu asiye na kitu, na tokeo lake lilikuwa unyonge na majipu makubwa yaliyohitaji kupasuliwa, na baada ya kupasuliwa akalishwa vizuri ili apate kupona, akanenepa kuliko mwanzo. Haya yote aliyatenda mtu mwenye mali, mwenye matabibu mashuhuri wa kuwauliza, mwenye azma na utii, kwa muda wa miaka kadha wa kadha. Asemaye kwamba mnene hashuki uzito kwa sababu hataki, na ayatazame maisha ya mtu huyu.

Jambo lililomuumiza zaidi, kwa ushahidi wake mwenyewe, lilikuwa dhihaka. Aliandika kwamba mtu mnene hapandi gari la abiria wala haingii katika mkutano wa watu bila ya kutazamwa na kunong'onwa, na kwamba yeye alifikia kukaa mbali na mahali pa hadhara ili asipatwe na idhilali ile. Tena aliona kwamba hata matabibu waliuhesabu unene wake kuwa sehemu ya uzee, jambo la kawaida lisilostahili kushughulikiwa, ama walitoa shauri kwa haraka kisha wakamlaumu kwa kutofaulu kwake. Katika kurasa zile chache hapana maneno yaliyoandikwa kwa uchungu kuliko haya, nami nayahesabu kuwa na thamani zaidi ya orodha ya vyakula iliyompatia umaarufu, kwa kuwa orodha ilipitwa na wakati, lakini maumivu yale bado yanasikika katika kila mji.

Sudi yake ilimjia kwa njia ya masikio. Mwezi ule wa Agosti mwaka 1862 alikuwa akimtafuta tabibu wa masikio, na yule mashuhuri aliyemtumaini alikuwa amesafiri kwa mapumziko, ndipo akaenda kwa mwingine, aliyeitwa William Harvey, mpasuaji wa eneo la Soho. Harvey alikuwa amekwenda Paris mwaka 1856 na kusikiliza mijadala juu ya ugonjwa wa kisukari, na huko alipata habari za kazi ya Claude Bernard, mwanachuoni Mfaransa aliyethibitisha kwamba ini la mnyama hutengeneza sukari ndani ya mwili. Harvey alitafakari kwamba vyakula vya sukari na vya wanga ndivyo vinavyotumika kuwanonesha wanyama wa kufugwa, na kwamba huenda mwanadamu naye ni hivyo hivyo. Akamtazama Banting, akakisia kwamba mafuta ya mwili yamezisonga njia za masikio yake, na badala ya kumtibu masikio akambadilishia chakula. Ufahamu wake wa mambo ya ini haukuwa kamili, na wanachuoni waliokuja baadaye waliyasahihisha mengi. Lakini alifanya jambo moja ambalo wengi waliomtangulia hawakulifanya: alimwuliza mgonjwa wake anakula nini, akamsikiliza, akamwamini aliposema kwamba si mlafi.

Chakula cha Banting kabla ya hapo kilikuwa mkate, maziwa, siagi, sukari, bia na mbatata, navyo Harvey alimshauri ajiepushe navyo kadiri awezavyo. Mahali pake akampangia hivi: asubuhi wakia 4 au 5 za nyama ya ng'ombe, au ya kondoo, au figo, au samaki wa kuokwa, pamoja na kikombe kikubwa cha chai isiyo na maziwa wala sukari, na biskuti ndogo au wakia 1 ya mkate mkavu, mchana wakia 5 au 6 za samaki au nyama, ila nyama ya nguruwe, pamoja na mboga yoyote ila mbatata, na kuku au ndege wa kuwinda, na matunda, alasiri matunda kidogo na chai, na usiku tena wakia 3 au 4 za nyama au samaki. Mvinyo ulikuwamo katika mlo wa mchana na wa usiku, na kwa wingi unaomshangaza msomaji wa leo. Katika muda wa kiasi cha mwaka mmoja uzito wake ulishuka kutoka ratili 202 hadi 156, yaani ratili 46, na kiuno chake kikapungua zaidi ya inchi 12. Aliweza kushuka ngazi kwa kuelekea mbele kama watu wengine, akainama kufunga viatu vyake, akasikia tena. Furaha yake ilikuwa kubwa, na shukrani zake kwa Harvey hazikuwa na mpaka. Lakini katika toleo la kwanza hakumtaja jina.

Toleo lile la kwanza lilikuwa la nakala 1,000, nalo likaisha; la pili likaisha vile vile; na kuanzia la tatu kitabu kikauzwa, na fedha zilizopatikana Banting akazitoa sadaka kwa hospitali na vyama vya misaada, kwa kuwa hakutaka mtu yeyote aseme kwamba alitangaza mwili wake kwa ajili ya faida. Nakala zaidi ya 60,000 zilitoka, na tafsiri zikafika Ufaransa na Ujerumani. Jina lake likageuka kuwa kitenzi katika midomo ya Waingereza, na katika lugha ya Kisweden mpaka leo mtu apunguzaye mwili hutajwa kwa kitenzi kilichotoka katika jina la msimamizi huyu wa maziko ya London. Matabibu wengi walimshambulia: wengine walisema kwamba hakuleta jipya, na wengine kwamba mtu asiyesoma utabibu hana haki ya kusema juu ya maradhi. Hoja ya kwanza ilikuwa na ukweli. Ya pili naikataa, maana mwenye kuumwa ana haki ya kusema palipouma.

Iko hoja ya tatu ambayo wakati ule haikusemwa kwa sauti ya kutosha, nayo ni ya fukara. Wafanyakazi wa viwandani na bandarini katika London ile ile waliishi kwa mkate, mbatata na chai ya sukari, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa rahisi, na mwaka 1874 kodi ya sukari ilipofutwa nchini Uingereza, sukari ikazidi kuwa rahisi. Nyama mara tatu kwa siku, samaki na ndege wa kuwinda, vilikuwa vyakula vya nyumba zenye neema. Kwa hiyo desturi ya kupunguza mwili kwa kuchagua chakula ilizaliwa katika nyumba zenye uwezo wa kuchagua, na mpaka leo haijaondokana na asili yake hiyo. Mwenye kulisha nyumba nzima kwa unga wa kilo chache kwa wiki, akiambiwa ale samaki, mboga na matunda na auache wanga, ameambiwa jambo ambalo mfuko wake hauwezi kulitii.

Wala isidhaniwe kwamba tabu hii ilianzia kwa Waingereza. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Qanuni namna ya kumpunguza mtu mnene: apewe chakula kinachojaza tumbo lakini chenye lishe haba, aoge kabla ya kula, na mwili wake uchoshwe kwa mazoezi mazito. Na kabla yake kidogo, huko Andalusi, yalitokea mambo ambayo watunga tarehe hawajayasahau. Sancho, mfalme wa Leon, alikuwa mnene mno, na mwaka 958 wakubwa wa nchi yake wakamwondoa katika kiti cha enzi, mfalme asiyeweza kupanda farasi akihesabiwa kuwa si mfalme. Bibi yake Toda, malkia wa Navarra, aliweka kando uadui wa miaka mingi, akamwendea Khalifa Abdurahman wa Tatu mjini Kurtuba, naye Khalifa akamkabidhi Sancho kwa tabibu wake Hasdai ibn Shaprut, Myahudi aliyekuwa pia mshauri wa mambo ya nchi za kigeni. Sancho akapungua, akarudi kwao pamoja na jeshi la Khalifa, na kufikia mwaka 960 kiti chake kilikuwa mikononi mwake tena. Mtu mmoja alipoteza ufalme kwa unene na akaurudisha kwa kupungua. Lakini mkumbuke kwamba alikuwa na tabibu bora kuliko wote wa zama zake, na jeshi, na bibi asiyekata tamaa.

Baada ya Banting, jambo lililobadilika zaidi lilikuwa mizani. Adolphe Quetelet, mwanahesabu wa Ubelgiji, alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1830 kwamba uzito wa watu wazima hulingana na mraba wa kimo chao. Alikusudia kumwelewa mwanadamu wa wastani, si kumhukumu mtu mmoja mmoja, na hata hivyo kanuni yake ndiyo iliyokuja kufanywa kipimo cha unene duniani kote katika karne iliyofuata. Kisha yakaja makampuni ya bima ya maisha ya Marekani, yaliyokuwa na haja ya kujua nani atakufa mapema, yakatunga majedwali ya uzito. Majedwali ya awali yalikubali kwamba mtu huongezeka uzito kadiri umri unavyosonga, yakampa mwenye miaka 50 nafasi kubwa kuliko mwenye miaka 25. Lakini mwaka 1942 na 1943 kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali mapya yaliyoweka kiwango kisichobadilika kwa umri kwa watu wa miaka 25 na zaidi. Kwa karatasi ile, uzito wa umri wa makamo, ambao babu zao Wamarekani waliuona kuwa sehemu ya maisha, uligeuka kuwa upungufu wa mtu. Sisemi kwamba unene hauna madhara: shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo ni shahidi wa kutosha. Nasema kwamba hukumu ilikuja haraka kuliko tiba.

Na pengo baina ya hukumu na tiba likajazwa na wafanya biashara na dawa za hatari. Mwaka 1933 nchini Marekani ilianza kutumiwa dawa ya dinitrofenoli, kemikali iliyokuwa ikitumika katika viwanda vya baruti, ambayo huufanya mwili kuunguza mafuta yake kwa joto; watu waliitumia kwa maelfu, wengine wakapofuka macho kwa mtoto wa jicho na wengine wakafa, mpaka serikali ilipopata uwezo wa kuizuia kwa sheria ya mwaka 1938. Waliokufa walikuwa watu waliotaka kutii.

Nisingependa kupita haraka juu ya miaka ya Vita Vikuu vya Pili na iliyofuata, kwa kuwa hapo ndipo ithibati ilipoanza kuonekana kwamba mwili wenyewe hushindana na mwenye kuupunguza. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye siha njema, waliojitolea kwa hiari badala ya kwenda vitani kwa kuwa dhamiri zao zilikataa kuua, akawalisha kiasi cha kalori 1,570 kwa siku kwa muda wa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini matumizi ya nguvu ya miili yao ilipotulia yalishuka kwa kiasi cha asilimia 40, zaidi ya ilivyotazamiwa kwa ukubwa wao mpya. Walisikia baridi wakati wa jua. Waliota ndoto za chakula. Na walipofunguliwa walikula bila ya kushiba, na wengi wao mafuta ya mwili yakapita kiwango cha mwanzo. Hawa hawakuwa wavivu wala walafi. Walikuwa vijana wenye msimamo wa imani. Tena mwaka 1959 tabibu Albert Stunkard na mwenzake Mavis McLaren-Hume walitoa hesabu ya wagonjwa 100 waliotibiwa unene kwa chakula katika kliniki moja ya New York: ni 12 tu waliopoteza ratili 20 na zaidi, na baada ya miaka miwili ni 2 tu waliobaki hapo walipofika. Na mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake waligundua homoni ya leptini, inayotolewa na mafuta ya mwili yenyewe ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Akiba ikipungua, habari hufika, na ubongo huamuru njaa.

Sasa tuirudie mashua ya Banting. Kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, watu ambao wengine wao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwao, wakawapa maji yaliyotiwa aina za haidrojeni na oksijeni zinazoweza kufuatwa katika mkojo, ili kupima hasa kiasi cha nguvu ambacho mwili hutumia kwa siku nzima. Na mwaka 2012 walitoa matokeo ambayo wenyewe hawakuyatazamia. Wanaume wa Kihadzabe hutembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita 6, pamoja na kazi ya kuchimba na kubeba. Walakini, ukubwa wa miili ulipozingatiwa, jumla ya nguvu wanayotumia kwa siku haikuzidi ile ya Mmarekani au Mzungu aliyekaa ofisini. Yaani, kwa tafsiri yao, mwili unaofanya kazi nyingi kila siku hupunguza matumizi mahali pengine, ukabaki katika hesabu yake. Wahadzabe hawanenepi, lakini sababu yake kubwa yaelekea kuwa ni chakula chao, si mwendo wao peke yake. Aliyepiga makasia alfajiri katika mto Thames akaona uzito unapanda hakusema uwongo.

Kikundi cha watafiti alimokuwa Pontzer kilitoa mwaka 2021 hesabu ya watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, na humo ikaonekana kwamba matumizi ya nguvu ya mwili, ukubwa ukizingatiwa, hayabadiliki kwa kiasi cha kutajika baina ya umri wa miaka 20 na 60. Watu wengi wa makamo wamefundishwa kuamini kwamba mwili hupoa baada ya miaka 40, nao wakajiona wameharibika. Kinachobadilika ni mambo mengine: misuli hupungua ikiachwa bila kazi, usingizi huwa haba, shughuli za kukaa huzidi, na kwa wanawake, hedhi inapokoma, mafuta yaliyokuwa nyongani huhamia tumboni hata kama mizani haikuongezeka sana. Haki inanitaka niseme pia kwamba vipimo vya maji kama yale waliyopewa Wahadzabe vimeonyesha kuwa watu hukosea wanapokadiria walichokula, wakasema kidogo kuliko kilivyokuwa. Hukosea hivyo wanene na wembamba pia, na kukosea kukadiria si sawa na kusema uwongo. Ama mazoezi, hayo hayakupoteza hadhi yake: huuhifadhi moyo, huteremsha shinikizo la damu na sukari, huishika misuli na mifupa, na kheri hizo humfikia mtu hata kama uzito wake haukushuka ratili moja.

Katika mwambao wetu na katika bara yake, mwili mpana ulihesabiwa tangu kale kuwa alama ya neema, na kukonda kuwa alama ya shakawa. Na miaka ya 1980, ulipoingia UKIMWI, ambao Waganda waliuita Siliimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu, hofu ya kukonda ilizidi kuingia katika nyumba zetu. Siku hizi matabibu wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala wanaona kwa wingi kisukari na shinikizo la damu katika watu wa makamo, nao huwaambia wapunguze mwili. Basi mama wa miaka 50 anayeacha sukari katika chai, akaacha maandazi ya asubuhi, akatoka alfajiri kutembea ufukweni na wenzake, yuko baina ya hukumu mbili: asipopungua, ataambiwa kwamba anakula kwa siri, na akipungua, jirani atauliza ana maradhi gani. Naona hukumu zote mbili ni dhuluma.

Banting alifariki mwezi wa Machi mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 81, miaka 15 baada ya kuchapisha barua yake, na muda huo aliendelea kuwajibu watu waliomwandikia kutoka kila upande kumweleza habari za miili yao. Nawasihi jamaa wa mtu wa makamo anayehangaika na jambo hili wasimhesabie vijiko mezani wala wasimtanie mbele ya wageni, na wamsindikize katika matembezi yake kama wanampenda. Na matabibu wetu nawasihi hivi: anapowajia mtu wa umri huo akasema kwamba amepunguza chakula, na anatembea kila alfajiri, na mizani haisogei, wasianze kwa kumlaumu, wamwulize anakula nini na maisha yake yakoje, wampime damu na sukari, wayatazame madawa anayotumia na usingizi anaoupata, na kabla ya yote hayo wamwamini, kama Harvey alivyomwamini mgonjwa aliyekuja kwake na maradhi ya masikio.